Hakuna Jipya Kwenye Folda ya Chai

Mradi wa Mbegu Bora Kusini,
Makao Makuu, Dar es Salaam,
8 Machi 1999

Dada Tumpe,

Salamu. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni mzima, ila joto la huku limeniamulia. Shati ninalolivaa asubuhi, saa nne tayari linafaa kukamuliwa.

Nakuandikia kwa shughuli. Bwana Ramson, mkubwa wangu wa hapa, analalamika kwamba taarifa za majaribio ya mahindi kutoka Songea zinachelewa. Nimemwambia Tumpe si mvivu, kompyuta yake ndiyo inayojikokota. Unakumbuka ilivyo: mafaili yote yamo kwenye seva, kule jengo la zamani. Kompyuta yako ya masjala haina chake, kila inachotaka lazima iombe kwa kebo ile tuliyoivusha juu ya vitalu. Sasa nataka kujua inaomba nini, na inajibiwa upesi kiasi gani. Kila asubuhi ukifika, na kila mchana kabla ya kwenda kula, andika ile amri niliyokubandikia pembeni ya skrini, uchape matokeo, unitumie kwa posta. Modemu haifai kwa hili. Inabeba taarifa za Jumatano tu, na hata hizo inazibeba kwa manung'uniko.

Usilifanyie mzaha jambo hili, Tumpe. Kituo cha Lusewa wamekwisha kifunga. Wakiona na Songea haina manufaa, watapita na fagio lilelile.

Nisalimie Mama Kunegunda na mlinzi Swalehe. Huku chai naipata kwenye kibanda, nainywa nimesimama.

Wako katika kazi,
Urban Komba


Songea,
22 Machi 1999

Kaka Urban,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza naendeleaje, nikakuta ni mstari wa kwanza tu, nao ni ule wa kila barua. Haya, naendelea.

Takwimu zako zimo ndani ya bahasha. Lugha yake siijui, ila hata mimi naona kwamba karibu maombi yote yamejazana kwenye safu moja. Kusoma ni kidogo, kuandika ni kidogo zaidi, halafu ile safu moja ina tarakimu mpaka zinabanana. Wewe ndiye mganga, tazama.

Mambo ya huku ni haya. Walipunguza tena watu mwezi wa pili, ulipokuwa umekwisha ondoka. Meneja amekwenda, na simu ya mezani imekwenda naye. Laini wameiacha kwa ajili ya modemu peke yake. Chumba cha seva kina kufuli, na ufunguo mliupeleka Dar kama vile tungeila hiyo seva. Mama Kunegunda anakuja siku za kuwapo na sukari. Swalehe yuko getini na redio yake. Ndani ya masjala, meza zote zile, niko mimi. Nikikohoa, ukumbi unanirudishia.

Jioni napanda baiskeli mpaka Bombambili, nasonga ugali wa mtu mmoja. Umewahi kusonga ugali wa mtu mmoja? Unga unakuwa haba, mwiko unazunguka hauna cha kushindana nacho, na mwishowe unakula uji mgumu. Mwenye nyumba wangu bado ananiita "yule dada wa Mbeya", mwaka wa tatu sasa. Wewe mwenyeji uko Dar, mimi mgeni ndiye ninayekulindia mji wenu. Mungu naye ana utani wake.

Jibu upesi. Yaani kuhusu takwimu.

Tumpe Mwaisaka


Dar es Salaam,
6 Aprili 1999

Dada Tumpe,

Takwimu nimezilalia na kuziamkia. Nakueleza nilichokiona.

Katika kila maombi mia yanayotoka kwenye kompyuta yako, tisini na nane si ya kusoma wala ya kuandika. Ni ya kuuliza hali. Inaiuliza seva, "Kuna jipya?" Seva inajibu, "Hakuna jipya." Kabla jibu halijapoa, inauliza tena. Ni kama mtoto aliyeahidiwa nyama, kila mara yuko jikoni anafunua sufuria. Seva haichoki kujibu, lakini wewe ukitaka kufungua taarifa ya kweli, unakuta maswali hayo yamepanga foleni mbele yako. Ndiyo maana unasubiri.

Kwa hiyo kebo haina kosa, wala seva. Kuna kitu ndani ya kompyuta yako kinachouliza bila kupumzika. Je, kuna programu uliyoiacha wazi? Mimi sikumbuki niliyoiacha.

Tafuta taratibu. Tukishindwa kukipata kwa barua, Bwana Ramson amesema itabidi fundi aje mwenyewe, na fundi ni mimi. Labda mwezi wa tano au wa sita.

Umesema nijibu kuhusu takwimu, nimejibu. Kuhusu mengine: chumba changu kiko Temeke, majirani ni wengi na wote wana haraka. Jumapili padri alituambia tutakiane amani. Kulia kwangu palikuwa na nguzo, kushoto jamaa aliyekuwa amesinzia. Nikaishika ile nguzo, nikaitakia amani.

Wako katika kazi,
Urban Komba


Songea,
19 Aprili 1999

Dada Agape,

Ugonile. Shikamoo. Mvua ya Tukuyu bila shaka imekufungia ndani na watoto, kwa hiyo utakuwa na nafasi ya kunisoma na kunigombeza.

Yule Urban niliyekwambia ameniandikia. Ni mambo ya kompyuta matupu, isipokuwa mwishoni kidogo. Anatafuta kitu kinachoichosha mashine yangu, na mimi nakijua. Nimekijua palepale aliponieleza maana ya zile tarakimu.

Ni hivi. Alipokuwa hapa, yeye alikaa jengo la zamani na seva yake, mimi masjala, katikati vitalu vya mahindi. Chai ilikuwa inapikwa upande wake. Kuniita kwa sauti haiwezekani, mashine ya kupukuchulia mahindi inanguruma kutwa. Alasiri moja ya mvua akaandika programu ndogo ya mchezo. Chai ikiwa tayari anaweka faili tupu liitwalo "chai" kwenye folda yetu, kompyuta yangu ikiliona inalia, nami napita vitaluni na kikombe changu. Tulikunywa hivyo karibu miaka miwili. Hakuna alichokisema, nami sikusema, tulikuwa tunabishana tu kuhusu sukari.

Alipohamishwa sikuizima ile programu. Kwanza nilisahau, halafu nikawa sisahau tena, naiwasha kwa makusudi. Inachungulia folda mfululizo, haina hata kituo, maana mwandishi wake alikuwa na haraka ya kunionyesha. Yeye mwenyewe hakumbuki kama aliiandika. Nilicheka, dada, kisha nikalia palepale mezani, na bahati nzuri hakukuwa na wa kuniona.

Juzi niliizima siku moja kujaribu. Mashine ikawa nyepesi. Nikaiwasha tena. Amesema wakishindwa kwa barua, atakuja. Basi washindwe.

Kuna jambo moja zaidi. Kituo chetu cha Mbeya kinataka karani, na mimi nimetajwa. Sitaki kujibu kabla hajaja. Nikishaondoka Songea, hatakuwa na pa kunikuta.

Mdogo wako,
Tumpe


Tukuyu,
30 Aprili 1999

Mdogo wangu Tumpe,

Marahaba. Sisi wazima, ila upepo umelaza migomba ya upande wa mtoni na shemeji yako anatembea na uso wa msiba.

Nimekusoma. Sina elimu ya mashine zenu, lakini hili ni la kawaida. Umeifanya mashine ikuulizie swali ambalo mdomo wako unaliogopa. Mficha uchi hazai, Tumpe. Mwandikie mtu kwa jina lake, mwambie unachokitaka, akatae au akubali, halafu ule na ulale. Akija kwa sababu mashine ni mbovu, atatengeneza mashine, atakunywa chai, atapanda basi.

Na ile kazi ya Mbeya usiichezee. Kutoka Mbeya hadi kwangu hapa ni karibu. Kule Songea nani atakufunika shuka ukiugua malaria?

Dada yako,
Agape


Dar es Salaam,
10 Mei 1999

Dada Tumpe,

Habari mbaya kwanza. Safari imekataliwa. Bwana Ramson anasema wafadhili hawatakubali fundi avuke nchi kwa ajili ya kompyuta moja. Nilitoka ofisini mwake nimevimba. Nilikuwa nimekwisha nunua sweta la mtumba pale Karume. Najua baridi ya milima yetu ya Matogoro mwezi wa sita haina adabu.

Hasira zile nikazimalizia kazini, na nimepata dawa. Kama siwezi kuja kumkamata anayeuliza, naweza kuyazuia maswali yake yasifike kwenye seva. Kompyuta yako huwa inakumbuka jibu la mwisho ililopewa, lakini kwa sekunde chache tu. Tutaziongeza. Nyuma ya karatasi hii nimeandika jina la faili la kufungua na mstari mmoja wa kubadilisha. Ukimaliza, zima kompyuta, washa, na baada ya hapo isizimwe tena hata usiku. Kuanzia hapo ikishajibiwa "hakuna jipya", italiamini jibu hilo kwa siku tatu nzima, haitaisumbua seva. Mafaili ya majaribio hayabadilishwi na mtu ila wewe mwenyewe, na mabadiliko yako utayaona, kwa hiyo hatupotezi kitu. Utaona itakavyoruka.

Niseme pia kwamba barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na mengine ndani yake. Hii ndiyo iliyobaki baada ya kuondoa yasiyo ya kikazi.

Wako katika kazi,
Urban Komba


Songea,
4 Juni 1999

Urban,

Nimebadilisha mstari wako. Mashine inaruka kweli. Taarifa ya kitalu inafunguka kabla sijaketi sawasawa. Hongera. Bwana Ramson atafurahi, na wewe huna tena sababu ya kuja.

Sasa nisikilize vizuri, maana haya sitayarudia. Anayeuliza ni mimi. Unakumbuka folda ya chai, na ile programu uliyoiandika siku ya mvua ili kompyuta yangu ilie sufuria likishuka motoni? Hujaacha programu nyingine huku zaidi ya hiyo. Ulipoondoka sikuizima. Inachungulia folda kutwa, na mimi nakaa mbele yake kama mjinga, nikijua fika kwamba hakuna wa kuweka kitu mle. Uliponieleza maana ya tarakimu nikanyamaza, kwa sababu uliandika kwamba mkishindwa utakuja. Nilitaka mshindwe.

Nakupenda. Nimeliandika kwa wino ili nisije nikalifuta.

Mbeya wananitaka nikawe karani wao. Dereva wao atakuja na lori la mbegu, na Ijumaa tarehe 25 jioni ataichukua karatasi yangu, yenye sahihi au isiyo na sahihi. Nikitia sahihi, alfajiri ya Jumamosi naondoka naye na kitanda changu. Nikibaki, nabaki kwenye ukumbi mtupu, nami siuogopi ukumbi mtupu kama nina mtu wa kumngoja. Nisichoweza ni kumngoja mtu ambaye hajui kama anangojwa.

Barua yako haitawahi kunikuta. Simu ya posta ndiyo kabisa, foleni nzima ya Songea isikilize? Lakini modemu inapiga kila Jumatano. Ukiwa na neno, liweke kwenye folda ile ile, Jumatano ya tarehe 23. Nitaangalia Alhamisi, nitaangalia Ijumaa. Nikikuta neno nitabaki. Nisipokuta nitaelewa, na sitakulaumu, maana hukuniahidi kitu.

Tumpe


Faili: chai
Lilitumwa kutoka Dar es Salaam kwa modemu, Jumatano 23 Juni 1999

Tumpe, usitie sahihi.

Barua yako imenifikia jana, nikaisomea ngazini, sikungoja kufika juu. Leo asubuhi nimeingia kwa Bwana Ramson nikaomba nirudishwe Songea. Akaniuliza nina wazimu gani, watu wanalilia Dar. Nikamwambia ninao. Amekubali mbele ya mashahidi: fundi mmoja na karani mmoja watabaki Songea, mimi na wewe, na nafasi yangu ya hapa amempa mwingine kabla sijafika mlangoni.

Nami nakupenda. Barua ya kwanza ile niliyoichana ilisema hivyo, na ya pili. Ningejua kwamba unayeuliza ni wewe, ningejibu zamani.

Nitapanda basi Jumamosi, nitafika Jumapili. Ningoje.

Urban


Songea,
Ijumaa, 25 Juni 1999

Urban,

Nimeangalia jana asubuhi, mchana na jioni. Nimeangalia leo. Saa nane nikasema labda modemu imechelewa, nikaangalia tena. Nikamwomba Swalehe atazame taa za seva dirishani. Akasema zinawaka vizuri, na Jumatano alisikia modemu ikipiga kelele zake kama kawaida. Kwa hiyo simu ilifika. Hapa kwenye skrini yangu, hakuna jipya.

Kompyuta ilikuwa nyepesi ajabu, inanijibu papo kwa papo kwamba folda ni tupu. Umeitengeneza vizuri.

Dereva wa Mbeya amenikuta nimekaa. Ni mtu mpole, akanipa kalamu yake bila kuniuliza kwa nini macho yamekuwa mekundu. Nimetia sahihi. Kitanda kimekwisha funguliwa, vyombo vimo kwenye gunia, na baiskeli nimemwachia binti wa mwenye nyumba. Kompyuta nimeiacha inawaka, maana sheria yako ni kwamba isizimwe.

Nilisema sitakulaumu. Nimejaribu tangu saa kumi, bado sijaweza. Ungeandika hata "hapana", Urban. Hapana ni neno fupi. Mtu akikusalimia barabarani unamwitikia hata kama humjui.

Barua hii naiposti njiani.

Tumpe Mwaisaka


Songea,
29 Juni 1999

Tumpe,

Nakuandikia kutoka kwenye kiti chako. Barua yako ya Ijumaa sijaiona. Kama uliandika, imekwenda Dar, ambako sipo tena. Naiogopa kabla sijaisoma.

Nilifika Jumapili jioni na basi, vumbi hadi kwenye kope. Swalehe alinipokea getini, akaniamkia kwa furaha, kisha akatazama mzigo wangu. "Dada kaondoka jana alfajiri na lori la Mbeya, kaka Urban," akasema. "Hukumwambia kuwa waja?" Nikamwambia nilimwambia. Akasema, "Basi hakusikia. Ijumaa kutwa alikuwa anaitazama ile kompyuta hata uji wa Kunegunda kaukataa."

Niliketi hapa nilipo. Na Swalehe akaendelea, maana alidhani ananiarifu hitilafu ya kikazi. Akasema Jumamosi, jua lilipopanda, kompyuta yako ilianza kulia. Ililia mpaka jioni, ikalia Jumapili. Alidhani ni umeme unaisumbua, akaingia, akafunga madirisha ili isije ikawakera majirani.

Nilifungua folda. Faili langu lilikuwamo, na lilikuwamo kwenye seva tangu Jumatano. Kompyuta yako ilikuwa imechungulia folda Jumatano asubuhi, ikajibiwa hakuna jipya, nayo ikaliamini jibu hilo siku tatu kama mimi nilivyokuagiza uifundishe. Kila ulipotazama Alhamisi na Ijumaa haikwenda kuuliza tena. Ilikusomea jibu la Jumatano. Nilikuwa na barua yako mkononi nilipoandika faili lile, umenieleza ndani yake kwamba mstari umeubadilisha, na bado sikuukumbuka. Nilikuwa na furaha, Tumpe. Furaha ilinitoa akili.

Na umeme! Umeme wa Songea, ambao hukatika hata mtu akipiga chafya, wiki ile nzima haukukatika. Ungekatika mara moja tu, kompyuta ingewaka upya, isingekuwa na jibu la zamani la kuliamini, na ingekuonyesha. Mama Kunegunda anasema watu waliusifu mpaka kanisani.

Nimekuchapia faili, limo humu ndani. Lisome na tarehe yake.

Mambo sasa yako hivi. Nafasi yangu ya Dar imechukuliwa. Yako ya hapa imefutwa uliposaini, Bwana Ramson amenithibitishia kwa modemu, niliyoipiga mwenyewe bila kungoja Jumatano. Nimebaki fundi wa kituo kisicho na karani. Nimeufuta ule mstari wa siku tatu. Nimekaa nikazipima tena takwimu kwa mazoea tu. Kompyuta haiombi chochote, kwa sababu hakuna anayeitumia. Sijui ulikaaje humu mtu peke yako. Nimekuwa hapa siku mbili na tayari namsemesha Swalehe mpaka ananikimbia.

Sitakulazimisha. Umekwisha tua Mbeya, una kazi mpya, uko karibu na dada yako. Nijibu kwa posta utakapopata nafasi. Ukinijibu nitakuandikia tena kwa kirefu, tutapanga taratibu. Nitangoja.

Wako,
Urban


Mbeya,
12 Julai 1999

Urban,

Barua yako imefika leo mchana, na faili ndani yake. Nimelisoma mbele ya wenzangu wapya nikiwa nimesimama, nikatoka nje bila kuaga. Dada Agape yuko hapa wiki hii. Amelisoma naye, akalia kuliko mimi, kisha akasema, "Huyu mwanaume anaandika vizuri mno, ndiyo ugonjwa wake." Nakufikishia kama alivyosema.

Ninakuamini kuhusu siku tatu. Umenieleza vizuri, nimeelewa, na nimekusamehe kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Ile barua yangu ya Ijumaa ikikufikia, itie motoni.

Lakini nina neno, nalo si la mashine. Jumamosi ile ulikuwa ndani ya basi, ulikuja. Kitu hicho sijawahi kufanyiwa na mtu. Jumapili ukakuta sipo. Na Jumatatu, badala ya kupanda basi jingine, ukaketi kwenye kiti changu ukaanza kupima takwimu. Umenieleza kwa nini sikuliona faili, kwa nini umeme haukukatika, nani kafunga madirisha. Halafu ukaniambia nikijibu utaniandikia tena kwa kirefu, tupange taratibu. Tupange nini, Urban? Tangu mwezi wa tatu tunapanga.

Songea hadi hapa ni safari ya siku moja. Njia unaijua, umezaliwa huko. Ukishuka stendi, uliza ghala la mbegu, kila dereva wa lori analifahamu. Kuna nyumba ya wageni jirani, na padri wa kwenu yuko, nimekwisha muulizia kwa ajili yako. Mimi ni Mmoraviani lakini sina ugomvi na nguzo za kanisa lenu.

Barua nyingine sitaki. Hata ikiwa nzuri kuliko hii. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako nitairudisha posta haijafunguliwa, nitalia siku hiyo, na kesho yake nitakwenda kazini.

Njoo, Urban, au nyamaza.

Tumpe